Usiulize Kaburi Lake: Mwongozo wa Mgeni Malinya

Ukishuka kwenye bodaboda Malinya, katika eneo bunge la Ikolomani kusini mwa mji wa Kakamega, ukawakuta wazee wamejipanga kwenye benchi la kibanda cha chai wakimkumbuka marehemu wa miaka mingi, usikimbilie kutoa pole. Sikiliza kwanza. Watasema hajatokea tena kama yeye. Watasema alipoingia uwanjani, hata aliyekuwa na kilio nyumbani alitoroka kuja kumtazama. Wataitaja shingo yake, mwendo wake, na jinsi alivyozoea kusimama kidogo kabla ya kuanza ili watu wamwone vizuri. Wewe, kwa kuwa umesoma kidogo, utadhani ni mwanamuziki, na utachomekea jina la Daudi Kabaka. Benchi litanyamaza. Marehemu ni ng'ombe.

Kosa hilo husamehewa, maana upande huu wa magharibi ya Kenya una wanamuziki wa kukumbukwa. George Mukabi wa Kisa, fundi wa gita la omutibo, lile linalosindikizwa kwa kugongwa chupa ya Fanta, aliuawa mwaka 1963, na mwaka 2017 nyimbo zake zikatolewa upya katika albamu iitwayo Furaha Wenye Gita. Kabaka mwenyewe, bingwa wa twist, alifariki mwaka 2001 na redio bado zinampiga. Hao waliacha santuri, kwa hiyo mashabiki wao wanaweza kulala usingizi. Shabiki wa fahali hana santuri. Akisahau yeye, basi kimekwisha. Ndiyo maana halali, na ndiyo maana hatakuacha wewe ulale.

Usitafute ofisi ya chama chake. Hakina kadi, hakina katiba, na ukiuliza mwenyekiti ni nani utaonyeshwa watatu, ambao hawasalimiani. Uanachama hupatikana kwa kukimbia mbele ya fahali alfajiri, tawi la mti mkononi, ukipiga kelele hadi sauti ikauke, na hauna kustaafu. Fahali akishaondoka duniani, waliomkimbilia hubaki kuwa watu wake. Utawatambua kwa jambo moja: ukimsifu fahali mwingine yeyote, wanacheka kwa upole.

Kabla ya kuketi nao, afadhali uujue mchezo wenyewe. Hupigwa asubuhi, mara nyingi Jumamosi na siku kubwa kama ya mwaka mpya, na ukija saa nne umekuja kutazama nyasi. Mafahali hupigana wao kwa wao. Hakuna mtu mwenye upanga, hakuna farasi. Kama ulibeba kitambaa chekundu kwa ajili ya picha, kirudishe mfukoni. Hii si Hispania, na hata hivyo ng'ombe hauoni wekundu kama uuonavyo wewe. Wanakaribiana vichwa chini, wanaparua udongo kwa kwato, kisha paji kwa paji, na mlio wake ni wa gogo kuangukia gogo. Pengine watasukumana muda mrefu bila kusogea hatua tatu, na ukitazama paja la nyuma utaona msuli unatetemeka, povu linadondoka, udongo umegandamana kwenye pembe. Pengine mmoja atabadilisha mawazo papo hapo. Akigeuza mkia ameshindwa. Hakuna pointi, hakuna mwamuzi wa kulalamikiwa.

Kugeuka huko ndiko kunakokuhusu. Mshindwa hutafuta njia ya kwenda kwao, na kwa kuwa uwanja umezungukwa na watu tu, njia hiyo hupita pale ulipo. Wenyeji hupasuka pande mbili na kufumba tena bila kumwaga hata njugu walizoshika. Wewe simama karibu na mti, na uwe umeukagua mapema kama unapandika, na kama haujajaa. Wala usimtajie mwenyeji ile methali ya mafahali na nyasi. Ameshaisikia kwa kila mwandishi wa habari aliyewahi kushuka hapa, na wote walidhani wameibuni wao.

Sasa turudi kwenye benchi. Jambo la kwanza ni kwamba fahali wa hadithi hakuwahi kushindwa. Limeze hivyo lilivyo. Kama kuna siku alionekana akikimbia mbele ya umati mzima, basi siku hiyo alikuwa ametoka kuugua, au uwanja ulikuwa na utelezi, au mpinzani alipakwa kitu kwenye pembe, au mtu fulani, ambaye jina halitatajwa lakini wote wanatazama upande wa boma lake, alipita zizini usiku. Ukisema "kwa hiyo alishindwa mara moja," umejifukuza mwenyewe. Sema "siku ile," utikise kichwa, unywe chai.

La pili ni uzito, umri na alichokula. Ukiuliza kilo, utapewa jibu kwa mikono iliyopanuliwa, na mikono hiyo hupanuka kadiri chai inavyopungua. Kuhusu chakula, utaambiwa majani mabichi, molasi, na pengine vitu ambavyo mzungumzaji atavitaja huku akitazama barabarani kama askari yupo. Usiandike. Mtu anayeandika benchini hudhaniwa ametumwa na upande wa pili.

La tatu ndilo zito, na ndilo lililonifanya niuandike mwongozo huu. Usiulize kaburi lake liko wapi. Msanii mtu huzikwa. Elvis Presley amelala Graceland kule Memphis, nyumba iliyofunguliwa kwa wageni mwaka 1982, na shabiki wake hulipa kiingilio akasimama mbele ya jiwe. Lakini fahali aliyezeeka, au aliyeanza kugeuka mapema mno, mara nyingi huuzwa, na anayemnunua si mtu wa makumbusho. Utalisikia pengo hilo katika masimulizi. Ushindi wa kwanza utaelezwa kwa dakika kumi, wa pili kwa ishirini, kisha utasikia "halafu akazeeka," na kikombe kitanyanyuliwa. Usilijaze. Inawezekana kabisa kwamba unazungumza na mtu aliyemla shujaa wake kwa ugali, akiwa na majonzi ya kweli.

Hispania nako fahali hukumbukwa kwa jina, ila kwa sababu nyingine. Islero wa shamba la Miura anajulikana dunia nzima kwa kuwa alimjeruhi mpigana-fahali Manolete pale Linares mwezi Agosti 1947, na Manolete akafa. Malinya haimtukuzi fahali kwa damu ya mtu. Mwezi Januari 2024, Inasio, fahali wa Seneta Boni Khalwale, mwanasiasa anayejulikana kwa jina la utani la Bullfighter, alimuua mtunzaji wake nyumbani kwa seneta huko huko Malinya. Seneta akatangaza kwamba amemchoma fahali huyo mkuki kwa kufuata desturi. Huyo usimtaje ili kuchangamsha mazungumzo. Kuna familia iliyozika, na mtunzaji ndiye mtu ambaye fahali yeyote unayemsikia akisifiwa alimtegemea: ndiye aliyemkatia majani, akamlaza, akamjua kwa pumzi.

Ukitaka kumbukumbu rasmi, nyamaza na uwasikilize wapigaji wa isukuti. Ngoma ziko tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swala na njuga za chuma, na kiongozi huimba huku wengine wakimwitikia. Fahali hasindikizwi uwanjani bila hiyo, na isukuti hiyo hiyo huenda harusini, kwenye tohara na kwenye shilembe, hafla ya kuwaenzi waliokufa kwa Waisukha na Waidakho. Mwimbaji hodari akimsifu wa leo humchomekea wa juzi, na ndivyo marehemu anavyozidi kuishi. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, kwa kuwa wengi wa wanaoijua wamezeeka na vijana hawashiki nafasi zao kwa kasi inayotakiwa. Orodha hiyo haina safu ya ng'ombe. Lakini mpigaji mmoja akiondoka na nyimbo zake, anaondoka na zizi zima, na hao watu wa benchini wanalijua hilo kuliko ofisi yoyote ya Paris.

Kuhusu ukoo, kubali kila kitu. Kila ndama wa maana unayemwona kati ya Malinya, Khayega na Shinyalu ni mjukuu wa yule marehemu. Ukipiga hesabu utagundua kwamba asingepata nafasi ya kupigana hata siku moja. Usipige hesabu. Zaidi ya hayo, fahali wa kupigana hutengwa na majike ili asipoteze nguvu, jambo ambalo benchi hilo hilo lilikueleza robo saa iliyopita, kwa ukali, na halioni tatizo.

Kosa baya kuliko yote hufanywa na vijana wenye simu. Kijana hufika, akasikia ubishi wa pambano fulani, akasema hana haja ya kubishana, analo hapa. Video inachezwa. Ni ya muda mfupi, inatikisika, nusu yake ni mgongo wa mtu aliyevaa koti. Fahali ni mkubwa wa kawaida. Wazee wanatazama mpaka mwisho, wanamrudishia simu yake kwa adabu, na asubuhi hiyo hakuna anayesimulia tena. Kuanzia siku hiyo pambano hilo lina jibu, na lenye jibu halina mtu wa kulibishania kesho. Yale ambayo hayakupigwa picha yangali yanakua. Kwa hiyo kama unayo video, na hasa kama inaonyesha ukweli, iache mfukoni pamoja na kile kitambaa chekundu.

Mwishowe utaombwa uamue. Mzee mmoja atakugeukia na kusema, "Wewe mgeni huna upande, hebu tuambie, kwa haya uliyoyasikia, nani alikuwa zaidi?" Mwenzake wa upande wa pili ataweka kikombe chini ili asikie vizuri. Hapo usitaje jina, na usiseme wote walikuwa wazuri, maana hilo ni tusi kwa wote. Mwite mwenye kibanda, agiza chai nyingine ya benchi zima na mandazi, ulipe kabla haijaja, kisha uulize kama ni kweli siku ile uwanja ulikuwa na utelezi.