Shikamoo, Matimutimu

Mtoto wa pwani akitaka kwenda shule na nywele timutimu hafiki mlangoni. Mama, shangazi, hata jirani aliyekuja kuomba chumvi, mmoja wao atamdaka na kichana. Bahati ya Boris Johnson hakulelewa kwetu. Angechanwa mapema, na Uingereza ingemkosa waziri mkuu.

Nasifu nywele tu. Pua na kitambi ni majaliwa, sivigusi. Lakini matimutimu yale ni kazi ya mikono ya mwenyewe. Waliokaa naye studio wamesimulia mara nyingi: kamera zikikaribia kuwashwa, wenzake wakijiweka sawa kola, yeye huzamisha vidole kichwani na kuvuruga. Hapo awali zilikuwa zimelala, za adabu kabisa. Sasa shungi moja linaelekea Scotland, jingine Wales, na utosini pamesimama kitu kama kiota kilichohamwa. Basi, yuko tayari kulihutubia taifa.

Ee nywele njema, mnaoomba radhi kabla kosa halijatendeka! Mtu aliyesoma Eton, shule ya matajiri, kisha Oxford, angeogopwa akijionyesha alivyo. Akitokea kama aliyekurupushwa na king'ora cha zimamoto, mpiga kura anamwonea huruma: maskini, hata kichana hana, huyu mwenzetu. Agosti 2012, akiwa Meya wa London, alikwama juu ya waya wa kuteleza angani katika bustani ya Victoria, vibendera viwili mkononi, miguu inaning'inia. Mwanasiasa wa nywele za mafuta na njia pembeni angezikwa siku ileile. Yeye alishuka akipendwa zaidi. Alikuwa amevaa helmeti, ndiyo, ila nani hakujua kilichomo ndani?

Utukufu wa nywele hizo ukatimia 2020, mwenyewe akiwa sasa waziri mkuu. Machi, kwa ajili ya korona, vinyozi wa England wakaamriwa kufunga, na hawakufungua mpaka Julai 4. Mahakimu, mameneja wa benki, watangazaji wa televisheni, wote wakafuga matimutimu. Nchi nzima ikafanana na waziri mkuu wake. Wako watawala waliojaza picha zao kila ukuta wasipate heshima hiyo. Na Juni 19, mikasi ikiwa bado kifungoni, watu wakakusanyika ofisini mwake kumpongeza kwa kutimiza miaka 56. Kanuni za kuzuia mikusanyiko zilitoka kwa serikali yake mwenyewe. Polisi walipomtoza faini, Aprili 2022, nywele zilisimama naye bungeni zikiwa na ule mshangao wao wa kila siku, kana kwamba zinauliza: sherehe? Sherehe ipi tena? Wakili wa kulipwa asingeweza kukana vizuri hivyo.

Nikiri, kuna jambo moja zilishindwa. Julai 2022 mawaziri na wasaidizi wao zaidi ya 50 walijiuzulu ndani ya siku chache, barua juu ya barua, na huruma ya matimutimu haikumzuia hata mmoja. Tarehe 7 bwana mkubwa akatoka mlango wa Namba 10, ofisi ya waziri mkuu, kutangaza kuwa anaondoka. Nywele zilitoka naye, zote, isipokuwa zile zilizokwisha kustaafu kwa sababu ya umri.