Mjomba wa Makoti Mawili na Kamati ya Harusi

Koito, kikao cha posa cha Wakipsigis, ni siku ngumu kwa familia yenye ndugu wa vituko. Na hakuna familia Silibwet isiyo naye. Katika mji mdogo kama huu wa kaunti ya Bomet, ambako jirani hujua ng'ombe wa nani ana mimba na ya miezi mingapi, kumficha mtu ni kujisumbua. Isitoshe, wazee wa pande mbili lazima waulizane koo, maana Wakipsigis hawaoani ndani ya ukoo mmoja, na wakishaanza kuulizana hawajui kuishia kwenye majina.

Mfano wa kawaida ni mjomba anayefika amevaa makoti mawili, moja juu ya jingine, na redio ndogo kwenye koti la ndani. Huyu haachwi nyumbani. Ni kaka wa mama, na baraka zake zina uzito. Basi huketishwa mstari wa mbele, mursik, maziwa ya kuchachushwa, inamiminwa kutoka kwenye kibuyu, mzee wa upande wa pili anakohoa na kutaja idadi ya ng'ombe, na kifua cha mjomba kinaanza kusoma matangazo ya vifo. Kuizima ni mpaka koti la juu livuliwe, na vifungo vyake vilishonwa kwa uzi wa gunia.

Mkristo anayeona haya kwa sababu ya mjomba kama huyo afungue sura ya kwanza ya Mathayo. Orodha ya ukoo wa Yesu ina Tamari, aliyejifanya kahaba akamnasa baba mkwe wake. Rahabu wa Yeriko. Ruthu, mgeni kutoka Moabu. Na mke wa Uria, ambaye hata jina hakutajiwa. Orodha hiyo ikisomwa kwenye koito, wazee wa upande wa pili wataomba kutoka nje kidogo washauriane. Mathayo ameianika ukurasa wa kwanza. Tena, katika Marko 3:21 jamaa za Yesu wanatoka kwenda kumchukua wakidhani amerukwa na akili. Jamaa zake wenyewe, kwa hiyo, waliwahi kumwona yeye ndiye mwenye vituko. Matendo 1:14 inawaonyesha mama yake na ndugu zake wakisali pamoja na wanafunzi, na hakuna aliyewakumbusha walivyosema.

Kamati za harusi zimeigeuza imani hiyo, kwamba ndugu wa vituko ana nafasi yake ukooni, kuwa utaratibu wa kazi. Shangazi anayeomba mpaka chai inaweka utando hupewa sala ya kufungua, kabla jiko halijawashwa. Ya kufunga hapewi hata akiililia. Binamu anayekopa kila mtu hupangiwa kuelekeza magari, kazi yenye kelele nyingi na isiyopitisha bahasha hata moja. Mjomba hupewa kiti mbali na kipaza sauti, na mtoto mmoja mwenye vidole vyepesi wa kushughulikia redio.

Shangazi huyo ana faida yake mahali pengine. Akienda kumwona mgonjwa Tenwek, hospitali ya Africa Gospel Church iliyo karibu na mji, hufumba macho tangu mlangoni mwa wadi, akaweka mkono kwenye kitanda kisicho cha mgonjwa wake na kuombea mguu uliovunjika wa mtu aliyelazwa kwa homa ya mapafu. Mgonjwa huitikia amina kwa nguvu zote alizobaki nazo, kisha huuliza kama kesho pia atakuja.

Mkopaji ndiye anayeisumbua kamati. Paulo, akiwaandikia Wakolosai, amewaagiza wavumiliane na kusameheana, na binamu anaijua aya hiyo kwa moyo, sura na mstari. Huitaja zaidi Oktoba, bonasi ya wakulima wa chai inapolipwa. Familia zenye uzoefu humsamehe mbele ya wazee, humwongezea chai, kisha humwekea tarehe ya kulipa, naye akitia sahihi mjomba ndiye huitwa shahidi.