Mwalimu wa Eastleigh na Maoni Yake Kuhusu Vitabu

Mwalimu wa Kiswahili wa shule ya upili husoma vitabu vya aina mbili: alivyopangiwa na alivyojitafutia. Vya kwanza ni vitabu teule, ambavyo wanafunzi huviita setibuku na ambavyo mtahiniwa wa KCSE huulizwa katika Karatasi ya Tatu. Vya pili huvisoma usiku, au ndani ya matatu, au Jumamosi akimsubiri fundi wa bomba aliyesema yuko njiani. Maoni yake kuhusu vya kwanza yamo katika madaftari ya wanafunzi wake wote, kwa kuwa aliwaandikisha. Maoni yake kuhusu vya pili hayamo popote, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza.

Mwalimu anayeelezwa hapa anaishi Eastleigh, Nairobi, ghorofani, dirisha likitazama First Avenue. Vitabu vyake vya kujitafutia hutoka katika maktaba za Kaloleni na Makadara, matawi ya Maktaba ya McMillan iliyofunguliwa katikati ya jiji mwaka 1931, au kwa wauzaji wa inama wanaotandaza vitabu vilivyotumika kandokando ya barabara za mjini. Kitabu cha inama ni cha bei nafuu, lakini kimepita mikononi mwa watu. Huko ndiko mwalimu alikopata Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya upelelezi ya Muhammed Said Abdulla iliyochapishwa mwaka 1960, ambamo Bwana Msa wa Unguja hufumbua mafumbo na kiko chake mdomoni. Nakala hiyo ilikuwa na mihuri ya shule mbili na doa la chai. Katika ukurasa wa kwanza, mwanafunzi fulani wa zamani alikuwa ameandika jina la muuaji kwa kalamu nyekundu na kulipigia mistari miwili. Mwalimu aliisoma vivyo hivyo mpaka mwisho. Maoni yake ni kwamba Bwana Msa ni mpelelezi hodari, ila safari hii alichelewa.

Kusoma nyumbani kunategemea stima na kelele. Stima ikipotea, jenereta za maduka makubwa hunguruma, na mwalimu husoma kwa tochi ya simu mpaka nayo iishe chaji. Kelele hazipotei. Chini ya dirisha lake mchuuzi ameweka kipaza sauti chenye maneno yaliyorekodiwa: soksi tatu mia, soksi tatu mia, tangu asubuhi hadi saa mbili usiku, bila kupumua. Katika hali hiyo mwalimu alisoma Nagona ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1990. Ni kitabu chembamba kinachoweza kumalizwa kwa jioni moja na mtu asiyetaka kukielewa. Msafiri anapita, sauti zinasema, ukweli unatafutwa, soksi tatu mia. Alipofika mwisho hakuwa na hakika ni sentensi zipi za Kezilahabi na zipi za mchuuzi. Aliirudia Ijumaa mchana, mchuuzi alipokwenda msikitini, akagundua kwamba ugumu wote ulikuwa wa Kezilahabi. Hata hivyo anaisifu. Anasema ni kitabu kikubwa, na anaomba asiulizwe kinahusu nini.

Matatu za namba 6 na 9 zina muziki unaotikisa viti, lakini muziki hauna maneno ya kuingia katikati ya riwaya, au kama unayo hayasikiki. Humo ndimo alimorudia Siku Njema ya marehemu Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996. Kijana Kongowea anaondoka Tanga kumtafuta babake, na mwalimu alipoinua macho akajikuta yuko mwisho wa safari, makanga akimwuliza kama analala humo. Alirudi kwa miguu katika matope ya masika. Maoni yake hayakulowa: kwamba mzaliwa wa magharibi mwa Kenya aliandika Kiswahili cha pwani kitamu kiasi hicho, na kwamba mwanafunzi wa Nairobi anayesema Kiswahili si chake aanzie hapo.

Vitabu teule ni habari nyingine. Havisomwi mara moja. Husomwa kila mwaka, na darasa jipya, kwa macho ya mtihani. Kidagaa Kimemwozea, ya Walibora huyohuyo, ilikuja mwaka 2012 na kupendwa na walimu isipokuwa mahali pamoja. Mwalimu aliyemo kitabuni, Majisifu, ni mlevi, tena mwizi wa mswada wa Amani. Kila mwaka darasa lilipofika kwake lilinyamaza, likamtazama mwalimu. Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei ilipokuja, shida ikawa idadi ya wahusika. Mwalimu alichora ubaoni ukoo wa Ridhaa na jamaa zake, mishale ikapanda na kushuka, mwalimu wa Jiografia akaingia akadhani ni mfumo wa mito. Maoni ya mwalimu, aliyoyaweka moyoni wakati wote kitabu kikitahiniwa, ni kwamba riwaya hiyo ina uchungu wa kweli wa watu waliofurushwa makwao baada ya uchaguzi, na kwamba mwandishi angeweza kuwapunguza majirani. Nguu za Jadi ya Clara Momanyi ameipokea vizuri zaidi. Mangwasha ni mhusika anayesimama bila kushikiliwa na mwongozo.

Miongozo ndiyo adui. Mwanafunzi hununua mwongozo kabla ya kitabu, na mara nyingine badala yake, akaja darasani akijua maudhui, dhamira na sifa saba za mhusika asiyewahi kukutana naye. Siku moja mwalimu alifunga mwongozo, akaeleza kwa hisia kile anachokiona yeye mwenyewe katika sura ya mwisho. Mkono ukainuka nyuma: “Mwalimu, hayo maoni yako hutokea kwa mtihani?” Akaufungua tena.

Ugonjwa wa kazi hii ni muktadha. Swali la dondoo huanza kwa “Eleza muktadha wa dondoo hili”, alama 4: msemaji, msemewa, mahali, sababu. Aliyesahihisha mamia ya majibu hayo hawezi tena kusikia sentensi ya kawaida. Mke wa mwalimu alimwambia jioni moja, “Baba Salim, unga umeisha.” Akajibu bila kuinua kichwa: “Msemaji ni Mama Salim, msemewa ni mumewe, wako jikoni, sababu ni kwamba…” Mama Salim akamalizia: “Sababu ni kwamba leo utalala njaa.” Alama zote nne zilikwenda kwake.

Maoni ya vitabu hupimwa vyema nje ya shule. Eastleigh ni mtaa wa biashara. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990, wakimbizi wa Kisomali walipoigeuza nyumba ya wageni ya Garissa Lodge kuwa vibanda vya maduka, mali nyingi hapa hutoka kwa kuaminiana na kuandikiana. Mwalimu alimsimulia mzee mmoja wa duka la vitambaa riwaya ya Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2022 ya kitabu cha Abdulrazak Gurnah, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Mvulana Yusuf anachukuliwa na tajiri Aziz kwa sababu ya deni la babake. Mwalimu alisimulia kwa huzuni.

“Baba alikopa?” mzee akauliza.

“Alikopa.”

“Alilipa?”

“Hakulipa.”

“Huyo mtoto ana bidii dukani?”

“Sana, mzee.”

“Sasa tajiri kosa lake ni gani? Mimi nadai watu mtaa mzima, mwalimu, na hakuna aliyeniletea hata mtoto mmoja.”

Mwalimu akakumbuka kwamba kitambaa cha sare ya Salim hakijalipwa, akaaga haraka. Bado anaona Gurnah yuko sahihi na mzee hayuko, lakini hakurudi kuendeleza mjadala.

Limebaki suala la kuazimana. Vuta N’kuvute ya Adam Shafi, ya mwaka 1999, ndiyo riwaya ambayo mwalimu huyu huwahimiza watu wote kuisoma: Yasmin anaolewa na mzee Raza angali msichana mdogo, anatoroka, na Zanzibar ya wakoloni inafunguka mbele yake na mbele ya msomaji. Jirani wa ghorofa ya tatu aliiazima. Kisha akatazama filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021, akatangaza kwamba amemaliza kitabu. Filamu ni nzuri, lakini kitabu ni kirefu kuliko filamu, na ndani yake, katikati, kulikuwa na noti ya shilingi 200 iliyowekwa kuashiria ukurasa. Jirani anasema hakuiona, jambo linaloonyesha amesoma hadi wapi. Anaombwa arudishe kitabu, na noti kama bado imo.