Imekunywa Nini? Tuhesabu Kutoka Saba Hadi Moja, Gitega Hadi Muyinga

Mpelekee fundi mzoefu wa Gitega gari lililozimika njiani, umwambie, "Mzee, gari imekataa." Hatakimbilia boneti. Atakuuliza: "Imekunywa nini?"

Swali zuri kuliko bisibisi zote za gereji. Kati ya Gitega na Muyinga, kwa barabara ya taifa namba 12 inayopita Karuzi, Probox iliyosheheni abiria na mikungu ya ndizi inaweza kunywa esansi ya pompu asubuhi, ya bidoni mchana, na ya chupa ya maji jioni. Miaka hii ya foleni ndefu na pompu kavu, dereva hachagui sana. Ila injini haijui shida zako. Inajua ulichoimiminia tu. Basi tuhesabu kurudi nyuma, tukianza na adui aliyekwisha kuzikwa, tumalizie na yule unayelala naye nyumba moja.

7. Risasi, marehemu asiyeliliwa

Desemba 1921, Thomas Midgley wa General Motors, Marekani, aligundua kwamba tetraethili ya risasi inaizuia injini kugonga. Kweli iliizuia. Iliingia pia katika damu za watoto waliokaa kando ya barabara. Mwaka 1924 Midgley alinawa mikono kwa dawa hiyo mbele ya waandishi wa habari kuonyesha haina neno, ilhali mwaka uliotangulia alikuwa ameshalazimika kupumzika kwa sababu ya sumu hiyohiyo. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiacha, na kufikia Januari 2006 zikawa zimeiacha. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, Julai 2021.

Akikwambia mzee kwamba esansi ya zamani ilikuwa na nguvu, mkubalie: ilikuwa na nguvu hata ya kudumaza akili ya mtoto ambaye baba yake hakuwa na baiskeli.

6. Namba kubwa

Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Watu hudhani okteni, ile namba ya esansi, ni nguvu. Okteni ni uvumilivu. Pistoni inapobana hewa na esansi, esansi ya namba ndogo hushindwa kusubiri. Sehemu yake hulipuka yenyewe kabla moto wa buji haujaifikia. Ndiyo ile sauti unayoisikia ukipanda mlima na gia kubwa, kama maharage yanayomwagwa kwenye debe. Ukiiachia iendelee, hula kichwa cha pistoni. Esansi ya namba kubwa huvumilia kubanwa zaidi, basi. Injini isiyobana kiasi hicho haina kazi ya kuipa.

Sasa itazame Probox yako. Imetoka Japani, ambako esansi ya kawaida hutakiwa kufikia okteni 89 tu, na ile ya bei kubwa 96. Gari hilo lilizaliwa kwa ajili ya ile ya kawaida. Tena sisi tuko juu: Gitega iko mita 1,500 na zaidi, Muyinga imeipita. Kwenye mita 1,500 kanieneo ya hewa ni kama asilimia 85 ya ile ya pwani, kwa hiyo silinda hujazwa hewa pungufu, na injini isiyo na turbo hugonga kwa shida zaidi. Mlima umekupunguzia hitaji la okteni, bure, bila risiti. (Mwenye turbo asinisikilize hapa: turbo hurudisha ile hewa iliyopungua, kwa hiyo yeye afuate namba iliyoandikwa kwenye kifuniko cha tangi.)

Kuinywesha Probox esansi ya gari la mashindano ni kumvisha mbuzi viatu: mlima ataupanda vilevile.

5. Dawa ya chupa

Siwachukii wauza dawa. Zipo za kweli. Zenye polieteramini husafisha masizi kwenye injekta, na gari lililonyweshwa uchafu muda mrefu huweza kupata nafuu baada ya tangi moja au mawili. Ila ujue mipaka yake: kama injini hupuliza esansi moja kwa moja ndani ya silinda, dawa hiyo haigusi kabisa mgongo wa vali za kuingizia hewa, kwa kuwa esansi haipiti hapo.

Chupa za kuongeza okteni ndizo za kusoma kwa miwani. Ikiandikwa kwamba inaongeza "pointi 10", mara nyingi maana yake ni namba moja tu: kutoka 90 hadi 91. Na zile zenye madini ya chuma huacha utando mwekundu kwenye buji, kama vumbi la Karuzi wakati wa kiangazi. Utando huo hupitisha umeme, cheche inapotea njia, gari linaanza kukohoa.

Chupa inayoahidi nguvu, akiba ya mafuta, ukimya na maisha marefu kwa pamoja imebakiza kukuposea mke tu.

4. Mazutu

Kwa ufupi. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliweka kikomo cha salfa kwenye mazutu kuwa sehemu 50 kwa milioni kuanzia 2015, na hilo limeokoa mapafu na injini pia, maana salfa ikiungua huzaa asidi inayochosha oili. Na ukikosea ukatia esansi kwenye gari la mazutu, usiwashe! Hata ufunguo usiuguse. Pampu yake hulainishwa na mazutu yenyewe; esansi huisugua chuma kwa chuma. Kukamua tangi ni kazi ya mchana mmoja, pampu mpya ni mbuzi wote wa ukoo.

3. Mafuta ya taa ndani ya esansi

Wizi wa zamani. Okteni ya mafuta ya taa iko chini mno, kwa hiyo yakichanganywa injini hugonga, hutoa moshi, na oili huzimuliwa. Tanzania ilianza kutia alama ya siri kwenye mafuta mwaka 2010 kupitia EWURA, mdhibiti wake wa nishati, ili kuwanasa wachanganyaji. Kenya mwaka 2018 ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili wizi usilipe. Wewe una karatasi. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: esansi safi hukauka ikaondoka kama mgeni mwenye adabu, mafuta ya taa huacha duara la mafuta.

2. Tangi la kuramba

Foleni imetufundisha kutembea na taa ya njano ikiwaka. Pampu ya umeme iliyo ndani ya tangi hupozwa na esansi inayoizunguka. Ikibaki kavu, inachemka. Ukipata lita tano, zitie zote; pampu inaoga humohumo inamofanyia kazi.

1. Bidoni

Huyu ndiye. Malori ya mafuta yametoka Dar es Salaam, yamepita Kabanga, yamevuka Kobero na mzigo safi, kisha esansi inachafukia hatua za mwisho, kwenye bidoni ya njano iliyobeba mawese wiki iliyopita na maji ya kisima juzi. Mawese hugandia kwenye chujio. Maji ni mazito kuliko esansi, hukaa chini, na chini ndiko pampu inakovuta kwanza. Halafu bidoni hiyo hulazwa chumba kimoja na watoto, hatua nne kutoka kwenye jiko la makaa. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni mpaka uufikie moto. Hapo sina mzaha. Itoe nje usiku huu. Na mpira usiufyonze kwa mdomo; esansi ikiteleza hadi mapafuni, hospitali ndiyo foleni yako inayofuata.

Fundi mmoja wa Gitega hutumia chupa ya kioo iliyowahi kuwa ya soda. Huijaza kutoka bidoni ya mteja, huiweka juu ya ukuta penye jua, kisha husema, "Tungoje kidogo." Wanangoja. Rangi ya dhahabu inatulia juu, na chini kabisa, unene wa vidole viwili, kinaonekana kitu cheupe kinachocheza mtu akigusa ukuta. Mteja anainama, anatazama, anaifuta chupa kwa kidole akidhani ni ukungu wa nje.

"Mzee, haya ni nini?"

"Mvua ya Muyinga," anajibu fundi. "Umeilipia bei ya esansi."

Kisha anaimimina ya juu taratibu kupitia kitambaa, anaiacha ile ya chini ndani ya chupa, na kumrudishia mteja mkononi.