Elfu Wamemtaja, Wangapi Wamemkana?

"Mzee, hii makala imenukuliwa mara elfu na ushee. Itakuwaje iwe ya uongo?"

Huyo ni dogo wetu wa uzamili, hapa kijiweni Changanyikeni, simu mkono wa kulia, kashata mkono wa kushoto. Nikasonya. Nikasonya tena, maana msonyo mmoja haukutosha. Hebu niambieni, mtaa huu anayetajwa kuliko wote ni nani? Si imamu, si padri, wala si mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Ni yule kijumbe aliyetokomea na hela za mchezo. Alfajiri anatajwa bombani, usiku anatajwa kwenye chipsi. Ukihesabu midomo tu, utasema mtaa mzima unampenda.

Dogo akacheka kidogo. Dereva wa bodaboda hakucheka kabisa. Hela zake zimo.

Hizi kanzidata za makala za kitaaluma siku hizi zimejaa mbwembwe, sikatai. Mkemia akiingia SciFinder hana haja ya kuandika hata neno: anachora molekuli yake kwenye skrini, analetewa yaliyoandikwa kuihusu na kuhusu zinazofanana nayo. PubMed, ile ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ukifungua makala moja inakutajia na nyingine zenye undugu nayo. Semantic Scholar ilianza 2015, na tangu 2020 inakufupishia makala kwa sentensi moja. Sentensi moja! Mtu kakesha maabara miaka na miaka, wewe unammaliza kwenye foleni ya Ubungo kabla daladala haijasogea. Nyoo!

Mimi katika mbwembwe zote hizo naiheshimu moja: inayokuonyesha nani alijibu. Mtu akishasema, nani alimwitikia, nani alimbishia, nani alimwambia kaa chini. Tena hiyo ndiyo kongwe kuliko zote, na haikutoka kwa wanasayansi. Ilitoka kwa mawakili.

Mwaka 1873, huko Illinois, bwana mmoja aitwaye Frank Shepard alianza kuwauzia mawakili vikaratasi vyenye gundi. Wakili anakinunua, anakibandika pembeni mwa hukumu kwenye kitabu chake. Kikaratasi kinamweleza kesi za baadaye zilizoigusa hukumu ile: hapa ilifuatwa, hapa ilitiliwa shaka, hapa ilitenguliwa. Kwa mwanasheria hilo si pambo. Simama mbele ya jaji unukuu hukumu iliyokwisha kutenguliwa, uone. Wakili wa upande wa pili hata hakukatizi. Anakuacha umalize, tena anakutazama kwa huruma.

Biashara ikakua, vikaratasi vikawa mavitabu. Halafu sikia utamu wake. Mwaka 1953 mzee mmoja aliyekwisha kustaafu kwenye kampuni ileile, William Adair, anaandika barua kwa watu waliokuwa wakihangaika na fahirisi za tiba kwenye maktaba moja ya Johns Hopkins, Baltimore. Anawauliza kwa nini wasifanye kama wanavyofanya wanasheria. Miongoni mwao alikuwamo kijana Eugene Garfield. Mwaka 1955 Garfield akachapisha wazo hilo katika jarida la *Science*, na mwaka 1964 fahirisi yake ya nukuu za sayansi ikaingia sokoni. Kabla ya hapo msomi alikuwa akitembea kinyumenyume tu: unasoma makala, unatazama marejeleo mwishoni, unarudi kwa waliotangulia. Garfield akawafungulia njia ya kwenda mbele. Shika makala ya zamani, uliza ni akina nani walioitaja baada yake.

Mstaafu na barua yake moja, jamani. Sisi wastaafu wetu tunawaachia drafti.

Sasa hapa ndipo nilipomshika dogo mkono, aweke chini hiyo simu. Sayansi ilipoazima kutoka kwa mawakili, iliazima nusu. Ilichukua orodha ya waliotaja, ikaacha alama. Shepard alikuambia hukumu hii *ilitenguliwa*. Fahirisi ya Garfield ilikuambia makala hii *imetajwa*, basi. Kutajwa kwa heri na kutajwa kwa shari vikatiwa kapu moja. Ilipokuja Google Scholar mwaka 2004, bure kwa kila mwenye intaneti, chini ya kila makala kikawekwa kihesabu. Tangu siku hiyo wanafunzi hawaulizi tena nani kasema nini. Wanatazama namba.

"Kwani namba ina kosa gani?" Dogo bado anatetea.

Nikampa ya Wakefield. Mwaka 1998, katika jarida la *The Lancet*, Andrew Wakefield na wenzake walichapisha makala ya watoto 12, ikapandikiza shaka kwamba chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela ina uhusiano na usonji. Watoto 12 tu! Wazazi wangapi waliwaficha watoto wao kwa ajili ya makala ile, Mungu ndiye ajuaye. Mwaka 2010 jarida likaifuta, na mwaka huohuo jina la Wakefield likaondolewa kwenye daftari la madaktari wa Uingereza. Je, kihesabu kilirudi sifuri? Thubutu! Imetajwa zaidi ya mara elfu, na wengi wa wanaoitaja wanaitaja ili kuikana. Elfu yako na ushee ndiyo hiyo, dogo.

Dereva wa bodaboda akapiga paja. "Kama kijumbe!" Eeh, kama kijumbe.

Ndiyo maana Scite iliponifikia sikusonya. Hii inaisoma ile sentensi iliyobeba nukuu, halafu inaitia kwenye moja ya mafungu matatu: inayounga mkono, inayopinga, inayotaja tu. Yaani alama za Shepard zimerudi. Fungu la tatu ndilo nene kupita kiasi, na hilo lenyewe ni habari: wasomi wengi wanatajana kwa adabu, wanapita zao. Ila mpangaji ni mashine, kwa hiyo usimwamini kwa macho yaliyofumbwa. Bonyeza, isome sentensi yenyewe. Na kama hilo linakuchosha, basi weka angalau Zotero. Ni ya bure, inakutunzia marejeleo, na tangu 2019 inatumia orodha ya Retraction Watch kukupa onyo ukiwa na makala iliyokwisha kufutwa. Dogo hakuwa nayo. Ana programu nne za kubashiri mpira, hiyo hana.

Nawajua lakini wanakokimbilia. Wanaiuliza ChatGPT, inawajibu kwa Kiswahili kitamu, na marejeleo juu. Mwaka 2023, New York, mawakili wawili na ofisi yao walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na mashine hiyo. Kesi ambazo hazikuwahi kusikilizwa popote chini ya jua! Na ni mawakili, jamani. Miaka 150 kamili tangu vikaratasi vya gundi, watu waliowafundisha wengine kukagua nukuu ndio walioacha kukagua. Hapo hata muuza kahawa alisonya, naye si mtu wa kusonya ovyo.

Basi nikamuuliza dogo tasnifu yake inahusu nini. Ushairi wa Kiswahili. Lahaula! Yaani umekalia ugomvi mtamu kuliko wote katika taaluma yetu, halafu unanihesabia namba? Mwaka 1954 Amri Abedi anatoa sheria za kutunga mashairi, vina na mizani mahali pake. Mwaka 1974 Kezilahabi anakuja na *Kichomi*, vina kaviacha mlangoni. Watu wakatiana madole machoni. Mwaka 1979 Mulokozi na Kahigi wakaingia na *Kunga za Ushairi na Diwani Yetu*, upande wa mageuzi. Miaka chungu nzima wanajibizana, wengine kwa mashairi. Lakini kihesabu kinazaliwa pale tu mashine inapokuwa imesoma marejeleo ya anayejibu. Jibu likiwa kwenye kitabu ambacho mashine haijakitia machoni, kwa mashine hakuna aliyejibu. Hapo kimya cha kanzidata usikichukulie kuwa ni kukubaliana.

Tena kuna hili la kinyota. Kwenye PubMed unaandika shina la neno, unaweka kinyota mwishoni, inakuletea matawi yote. Kwa Kiingereza ni raha, maana neno lao kwa kawaida linabadilika mkiani. Letu linabadilika kichwani: shairi, mashairi, ushairi, mshairi, washairi. Kinyota kikae wapi? PubMed inataka herufi nne kabla yake, mwanzoni hakikubaliki. Aliyekibuni hakuwaza mtu wa ngeli.

"Sasa nitafutaje, mzee?"

Yaandike yote, mwanangu. Moja baada ya jingine, na katikati uweke OR kwa herufi kubwa, hata Google Scholar inaielewa. Akaanza kuandika palepale, ulimi nje.

Muuza kahawa akakung'uta vikombe vyake. "Hao waliombishia Kezilahabi," akasema, "vitabu vyao anavyo mwalimu mstaafu, nyumba ya tatu baada ya msikiti. Ila usiende saa hizi, analala. Na ukienda usimwambie umetumwa na mimi, namdai."