Jembe la Kulipia Ada

Mtoto wa Tukuyu hupalilia migomba na kuvuna viazi kabla hajajua kusoma, tena bure. Wenzake wa Ulaya hulipa ili waruhusiwe kuchimba. Pale Vindolanda, kaskazini mwa Uingereza, watu hutoa fedha zao wapige magoti topeni, mvua ikiwanyea, wakifukua viatu vya askari wa Kirumi. Kama ni mvua, si waje Rungwe?

Sasa mfikirie mama wa Kiwira, aliyesomesha kwa ndizi na chai ili mwanawe aachane na jembe. Simu inalia kutoka Uingereza.

“Unafanya nini huko, mwanangu?”

“Nachimba, mama.”

“Wanakulipa?”

“Nimelipa mimi.”

Kimya. Kisha: “Na hilo shamba la babu yako lina ubaya gani?”

Kule Tendaguru, Lindi, mambo yalikuwa wazi zaidi: hakuna aliyelipa ili achimbe. Kati ya 1909 na 1913 mamia ya vibarua wetu walifukua mifupa ya dinosaria na kuibeba hadi pwani. Mnyama mwenyewe amesimama Berlin hadi leo. Vyeti vya mafunzo kwa vitendo, nadhani, vilisahaulika melini.

Na hapa Rungwe, kwenye ziwa la Masoko, vijana hupiga mbizi kusaka sarafu za enzi za Wajerumani, wawauzie wageni. Hao tunawaita wababaishaji. Akija mwanafunzi kutoka Ufaransa akachota tope la ziwa lilelile, hurudi kwao kutunukiwa shahada ya uzamivu.