Kesi ya Watani Wawili Njia ya Urambo

Ukitaka kahawa ya Isevya, mjini Tabora, ipoe vikombeni, uliza swali moja tu: kati ya Land Rover 109 na Peugeot 504, lipi ndilo gari? Mjomba wangu, Mnyamwezi, alikuwa na Land Rover. Jirani yake, Mzaramo, alikuwa na Peugeot. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi walipokatiza Uzaramo na pembe zao wakishuka Bagamoyo. Kwa hiyo matusi yalikuwa bure na hakuna aliyenuna.

Mzaramo alikuwa na hoja nzito. Peugeot 404 lilishinda Safari Rally mwaka 1966 na 1967, dereva akiwa Bert Shankland wa Dar es Salaam. Mdogo wake, 504, akabeba kombe mwaka 1975. Tena lina springi za koili, abiria anasinzia. Land Rover linakalia vyuma bapa vilivyobebana. Kila korongo unalipokea kwa uti wa mgongo.

"Wapagazi walibeba frasila mbili kila mtu, kilo 32 hivi, toka pwani mpaka hapa," Mjomba alijibu. "Nani aliuliza springi?"

"Burton na Speke walitumia siku 134 mwaka 1857," Mzaramo akamrudishia. "Wangeongozana na gari lako, wangekuwa bado wanakusubiri Ugogo."

Kesi ilisikilizwa siku tulipopeleka harusi Urambo, kilomita 90 hivi, masika yamechachamaa na lami haijafika. Peugeot likapewa bibi harusi na mashangazi. Land Rover likapewa masufuria, mbuzi wawili na sisi tusio na hadhi.

Yote mawili yalikuwa yamekula chumvi. Kioo cha nyuma cha Peugeot kilizuiwa kisiporomoke kwa kijiko cha chai, na gia ya tatu haikuingia bila bismillah. Kwenye Land Rover tulifungua mwavuli ndani. Geji ya mafuta ililala kwenye nusu miaka nenda rudi, kwa hiyo Mjomba alipima kwa kijiti cha mwarobaini: anakizamisha kwenye tangi, anakitazama kwenye mwanga, anatikisa kichwa kama daktari.

Tulipofika mbugani, kwenye udongo mweusi, Peugeot lilikuwa limezama mpaka bampa. Mashangazi walikuwa ndani, wamegoma kushuka na viatu vya harusi. Mjomba akaingiza gia ndogo, magurudumu yote manne yakashika, akawapita akipiga honi: "Karibuni Unyamwezi!"

Hatukufika mbali. Injini ikakohoa, ikazima. Kumbe kijiti kilikuwa kinalowa vizuri tu, ila sehemu kubwa ya kilicholowesha ilikuwa mvua iliyopenya kwenye mfuniko wa tangi.

Sasa ikaja hoja ambayo hakuna aliyewahi kuitaja kwenye kahawa: lipi linasukumika? Peugeot lina tani moja na robo hivi. Mashangazi waliposhuka, vijana wa kijiji cha jirani walilibeba nusu na kulisukuma nusu, likatoka. Land Rover lina zaidi ya tani moja na nusu kabla hujahesabu masufuria. Tulisukuma mpaka mmoja wetu akalala kifudifudi kwenye tope, lenyewe halikutikisika. Ikabidi tufungue nati chini ya tangi, tumwage maji mpaka harufu ya petroli ije. Mzaramo akaleta dumu la akiba na kutaja bei ya pembe za ndovu. Mjomba akalipa.

Wenye misafara walilijua hili zamani: mzigo uligawanywa kwa kadiri ya bega la mtu, kwa sababu mwisho wa yote ni bega litakaloutoa. Kwa barabara zile, na mimi ningenunua gari kwa kipimo hicho, mbio baadaye.

Mjomba hakubali mpaka leo. Anasema mbuzi wake wote wawili walifika wakavu chini ya mwavuli, ilhali kwenye Peugeot shangazi mmoja aliingia ukumbini na kiatu kimoja.